Safu ya Sita

Jumatatu, 15 Januari

Uwanjani kabla ya saa kumi na mbili. Baridi ya mlima imenipata hadi kwenye meno. Wasichana sita, filimbi moja, na mimi na magoti yangu yanayolia kama mlango wa ghala. Raundi kumi na mbili. Wawira mbele tangu ya kwanza.

Yuko kidato cha tatu. Kwao ni kule chini ya kiwanda cha kahawa, upande wa Karurumo. Miaka kumi na tisa nafundisha Kiswahili na michezo katika shule hii ya bweni na sijawahi kupata miguu kama ile. Nikimtazama huona raha, halafu wivu. Umri wake mimi nilikuwa namaliza wa tano, kocha ananisubiri na fimbo.

Amerudi na unono wa Krismasi. Nimemwambia apunguze kilo mbili; mkimbiaji hanenepi, anayenenepa ni fahali wa kuuzwa. Wenzake wamecheka. Yeye pia amecheka, lakini nimeona neno limemwingia.

Jumamosi, 20 Januari

Semina ya makocha mjini Embu. Nilikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana, sitajidanganya. Mkufunzi alikuwa fizio, mtaalamu wa viungo, kutoka Meru, Madam Gatwiri, mwanamke mfupi asiyetabasamu bure. Amesema watafiti siku hizi wamepindua mengi tuliyofundishwa. Kwamba ukipandisha mazoezi ghafla mfupa huingia ufa mdogo kabla haujavunjika. Kwamba msichana anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake hubana matumizi: hukata hedhi kwanza, halafu mifupa hudhoofika. Kwamba maumivu ya kinena kwa mkimbiaji si ya kuchuliwa wala ya kuombewa. Mwambie aruke kwa mguu mmoja. Akishindwa, ni hospitali, apigwe picha, asikimbie hata hatua moja.

Tumepewa fomu ya kujaza kila Ijumaa. Kila msichana ana mstari wake, na safu ni sita. Umbali aliokimbia. Usingizi. Chakula. Uchovu. Maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi. Ya sita ni hedhi: K kama inakuja kawaida, H kama haiji. Hapo ukumbi ukajaa kikohozi. Tulikuwa karibu wote wanaume. Mmoja kutoka Mbeere akasimama.

"Madam, hiyo ya mwisho nitauliza aje? Si wazazi watanikujia na panga?"

"Tumia matroni," akasema. "Mficha uchi hazai, walimu wangu. Mwenye atashindwa aniambie, tutafute njia."

Hakuna aliyemwambia. Tukaenda kula pilau.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani, kisha nyumbani. Nimemsimulia mke wangu Rwamba habari za semina: mifupa, nyufa, usingizi. Hiyo safu ya sita nimeiruka. Tumeoana miaka ishirini na mbili.

Ijumaa, 26 Januari

Fomu ya kwanza. Safu tano nimewauliza wote pamoja baada ya mazoezi, wakajibu kwa sauti kama wako darasani. Sawa, sir. Nimelala sawa. Nimekula sawa.

Kwa ile ya sita nilikwenda kumtafuta matroni. Nikamkuta stoo akihesabu blanketi, bawabu amesimama mlangoni. Nilimwuliza kama blanketi zinatosha. Zinatosha, akasema. Nikarudi.

Nilipokuwa nikilelewa, mambo hayo yalikuwa ya mama na shangazi. Baba yangu alikuwa akiondoka uani wakianza kunong'ona. Binti yangu mwenyewe, Muthoni, amefika chuo na sijui lolote la upande huo. Yote yalipitia kwa mama yake. Na mwalimu mwanaume katika shule ya wasichana ni mtu anayetembea juu ya mayai. Neno moja tu likisikika vibaya, umehamishwa kabla ya muhula kwisha.

Nimeandika K. Mara sita, mstari kwa mstari. Wasichana wazima, wenye afya, ingekuwa nini kama si kawaida? Fomu imependeza.

Jumatano, 31 Januari

Jumatano ni siku ya kufunga. Chama cha Kikristo hapa shuleni hakili hadi jioni, na timu yangu yote imo. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kumkataza mtoto kufunga. Lakini Jumatano pia ndiyo siku yetu ya kasi. Mita mia nne mara kumi, mapumziko ya dakika moja.

Wawira amezimaliza zote kumi. Ya mwisho ndiyo ilikuwa ya haraka zaidi. Halafu akainama kando ya njia akatapika maji matupu. Nimemwambia Mungu anamwona. Nilikuwa na fahari, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Ijumaa, 9 Februari

Fomu ya tatu. Maumivu: Wawira amesema mbili. Wengine sifuri. K sita.

Amepungua. Mashavu yameingia ndani na mishipa ya mikono inaonekana. Mwalimu wa hesabu ameniuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nimemjibu kwamba hivyo ndivyo saa ya mbio inavyoshuka. Kweli imeshuka, sekunde kumi na moja tangu Januari.

Jumamosi, 17 Februari

Mashindano ya kaunti, Embu. Mita elfu tatu. Wawira amewaacha wenzake hadi nikaona haya kidogo kwa ajili yao. Mukami, mwenzake wa timu, wa tatu.

Baadaye mwanaume mmoja aliyevaa koti la mazoezi amenifuata. Ana kambi ya wakimbiaji, huchukua wasichana wawili kila mwaka, huwalipia shule na kuwapeleka mbio za nje. Amesema akimwona Wawira Meru, kwenye mashindano ya kanda, akimaliza wa kwanza au wa pili, mambo yamekwisha, anamchukua. Nilimpigia mzee Njeru, baba yake. Nilimsikia akipenga kamasi. Nadhani alikuwa akilia, na mimi sikuwa mbali.

Jumanne, 20 Februari

Wawira amesimama katikati ya raundi ya nane akashika paja. Nimemwita.

"Ni kamuscle tu, sir. Itaisha."

Mukami amemchua kwa ile dawa ya pilipili hadi uwanja wote ukanuka. Amemaliza raundi zake. Mguu ukilia uambie unyamaze. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na hivyo ndivyo nimewafunza.

Alhamisi, 22 Februari

Mkutano wa pili na Madam Gatwiri. Makocha wengine wameleta fomu zenye mapengo, wengine hawakuleta kabisa. Yule wa Mbeere safu yake ya sita ilikuwa tupu, amesema wazi kwamba ameshindwa. Tulimcheka.

Kisha Madam akainua fomu zangu juu. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Mwalimu Ireri hajaacha hata kisanduku kimoja." Nikaombwa nisimame. Wakanipigia makofi.

Nilisimama. Nikasema asante. Niliona aibu hadi masikioni, lakini makofi pia yalikuwa matamu. Mtu ni kiumbe wa ajabu. Yule wa Mbeere aliniuliza pembeni nimefanyaje. Nikamwambia ni mazoea.

Jumatatu, 26 Februari

Siandiki haya kwa furaha.

Wawira anachechemea. Nilimwuliza inauma wapi hasa. Akapeleka mkono kwenye paja, ukapanda hadi kinenani, akauondoa haraka kwa heshima. Nikajua. Hapo hapo nikajua.

Nilimwambia aruke kwa mguu wa kulia peke yake. Moja. Mbili. Ya tatu akashusha mguu wa pili, na uso wake sitausahau. "Pole sir, niliteleza." Ardhi ilikuwa kavu kama unga.

Karatasi ya semina iko kwenye droo, ukurasa wa pili, nimeipigia mstari mwenyewe. Hospitali. Picha. Hata hatua moja.

Nimempa mapumziko ya siku tatu.

Jumanne, 27 Februari

Saa nne, kipindi kisicho na darasa, nimempigia Madam Gatwiri. Simu ikalia mara mbili nikaikata. Akapiga yeye. Nikamwambia nilibonyeza vibaya. Akaniuliza wasichana wanaendeleaje. Wazima, nikasema.

Nilifikiri hivi: nikimwambia, atasema picha. Picha ikionyesha kitu, Meru hakuna. Meru ikikosekana, yule mtu wa kambi atachukua wa shule nyingine. Mzee Njeru nitamwambia nini? Nilifikiri hayo yote. Kuhusu mfupa sikufikiri sana.

Ijumaa, 1 Machi

Wawira amekimbia polepole leo, raundi sita. Maumivu amesema tatu. Nimeandika tatu. Najua si tatu.

K sita.

Jumatano, 6 Machi

Shule nzima imefunga kwa ajili ya timu. Mkuu wa shule mwenyewe ameongoza maombi kwenye ukumbi, wasichana sita wamepiga magoti mbele. Wawira alichukua muda kupiga magoti na muda kuinuka. Nilikuwa nyuma yake na mkono wangu begani mwake. Niliomba sana. Niliomba mguu upone ndani ya siku tatu, kama mkulima aliyesahau kupanda halafu anaomba mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Meru. Tumelazwa kwenye madarasa ya shule moja karibu na mjini. Nilishuka mwenyewe hadi mtaa wa Majengo nikanunua kilo tatu za nyama kwa mchinjaji mmoja, nikazibeba mkononi. Wapishi wa shule wakatupikia na ugali. Nilitaka wale vizuri. Wawira amekula tonge tatu, nyama yake amempa Mukami. Nimeona, nikatazama sahani yangu.

Jioni nikamwita kwenye veranda nikamwambia aruke tena. Aliruka mara kumi bila kushusha mguu. Midomo imekazwa hadi ikawa myeupe. Mukami alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama chini. Baadaye nimekuta karatasi ya vidonge vya maumivu kwenye ndoo ya takataka, vinne vimetolewa.

Fomu ya mashindano inataka kocha athibitishe kwamba mkimbiaji yuko tayari. Nimetia sahihi.

Jumamosi, 9 Machi

Umevunjika.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala kwenye benchi ya hospitali. Niandike sasa kabla sijaanza kujitengenezea hadithi nyingine.

Wawira alianza vizuri. Alikaa wa pili, karibu na msichana mmoja kutoka Tharaka. Yule mtu wa kambi alikuwa upande wa pili wa uwanja, nilimwona amefungua daftari. Zikiwa zimebaki raundi mbili, kwenye kona, mguu wa kulia ulikubali uzito wake halafu ukakataa. Nilikuwa hatua kama ishirini. Watu husema huwezi kusikia mfupa kwa umbali huo. Mimi nilisikia.

Hakulia. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mara ya pili mguu ulikuwa umegeukia nje, mfupi kuliko mwenzake, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Mukami alipita pembeni yake na akaendelea, kwa sababu nimewafundisha wasisimame. Amemaliza wa pili.

Picha: shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Umekatika na kuachana. Daktari, kijana mpole, amesema huu haukuvunjika jana. Ulikuwa na ufa wa wiki nyingi. Kisha akamwuliza Wawira, mimi nikiwa nimesimama pale pale, mara ya mwisho kupata hedhi ni lini.

"Mwaka jana. April," akasema. Alijibu kama mtu aliyeulizwa yuko darasa gani.

"Na uliambia mtu?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Hakunitazama aliposema. Hakuwa ananisema. Hajui hata kama fomu ina safu kama hiyo. Alikuwa anajibu swali tu.

Leo asubuhi wamemfunga skrubu tatu.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee Njeru amefika kwa basi la kwanza, bado ana udongo kwenye viatu. Amenishika mikono yote miwili. Amenishukuru kwa kukaa na mtoto. Nilitaka ardhi inimeze.

Mkuu wa shule amepiga simu saa tano.

"Mwalimu Ireri, hiyo ni ajali. Kwa report andika uwanja ilikuwa na shimo. Na hizo forms za yule mama, zipoteze."

Nimemwambia uwanja haukuwa na shimo. Amesema basi nitafute shimo.

Jumatano, 13 Machi

Madam Gatwiri amekuja wodini. Hakukaa. Amesema amesoma faili la daktari na amerudia nakala za fomu zangu, na vitu hivi viwili havikubaliani. Wiki sita, K sita kwa Wawira. Labda msichana alinidanganya? Aliniuliza hivyo akinitazama machoni, na nikaona kwamba ananipa mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo tu.

Nilisema nitamletea fomu asili. Hilo si jibu, na yeye anajua si jibu.

Alhamisi, 14 Machi

Nyumbani. Rwamba amenitolea maji ya kuoga, kisha chakula. Baada ya chakula nimemwambia yote. Nilidhani atanifokea. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Baba Muthoni, si ungeniambia mimi?" akasema. "Ningekuja hiyo Ijumaa. Dakika kumi."

Dakika kumi. Ni mwalimu wa msingi, shule yake iko ng'ambo ya mto, anapita getini kwetu kila siku saa kumi.

Nilimwambia nilikuwa naona haya. Akasema haya ilikuwa ni ya nani, yangu au ya mtoto? Nimekuwa nikiita heshima kitu ambacho ni uoga.

Jumanne, 19 Machi

Saa ya chakula cha mchana, ofisi ya michezo, mlango nimefunga. Nimetoa fomu zote sita. Nikachukua kalamu ya bluu ile ile. K ya mwandiko wangu ni rahisi kuigeuza H, unaongeza vistari viwili. Nimejaribu kwenye karatasi ya pembeni na imetoka vizuri mno, hakuna ambaye angejua. Ningesema nilimwuliza, alisema haiji, mimi sikujua maana yake. Mjinga husamehewa.

Nilikaa na kalamu hadi kengele ikalia. Halafu nikazitia kwenye bahasha zilivyo, pamoja na barua ya mistari minne. Nimeandika kwamba safu ya sita sikumwuliza mtu yeyote, wiki hata moja. Nimeipeleka Runyenjes mwenyewe ipelekwe Meru kwa gari la vifurushi.

Si ujasiri. Nimechelewa mno hata kuita hivyo.

Alhamisi, 21 Machi

Madam Gatwiri amepiga. Hakunikemea, ingekuwa nafuu. Amesema aliwaonyesha makocha wa Meru fomu zangu kama mfano, na kwamba wawili wamekuja kwake baadaye wakauliza njia ya kujaza kama mimi. Itabidi arudi kwao wote. Kisha akakata.

Mkuu haongei nami. Tunapitana kwenye korido kama watu waliogombania shamba.

Jumatano, 27 Machi

Wawira amerudishwa kliniki. Damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa. Daktari amesema kinaweza kufa polepole, na kikifa atahitaji nyonga ya chuma kabla hajafika miaka thelathini. Kukimbia mashindano, hapana. Kutembea, ndiyo, lakini atachechemea. Nilimsikiliza mzee Njeru akiuliza mara tatu, kila mara kwa maneno mengine, na kila mara jibu likawa lile lile.

Yule mtu wa kambi hajapiga simu. Kwa nini apige?

Mvua imeanza. Mazoezi yameendelea, kwa sababu Mukami amefuzu kwenda mashindano ya taifa na Mkuu anataka jina. Nasimama uwanjani na filimbi. Leo Mukami ameinama mara mbili akisugua muundi. Nilimwona. Nimempunguzia raundi mbili, nikajiona mtu mwema.

Fomu ya Ijumaa iliyopita sijajaza. Hakuna anayeniuliza tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka imekwisha jana. Kanisani niliombwa nisome somo. Nilikataa, nikasema koo. Mchungaji amenitakia nafuu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwao Wawira. Nimekuwa nikiahirisha tangu Jumatatu.

Mzee Njeru alikuwa akipalilia mahindi. Aliacha jembe, akanawa mikono, akaniweka kwenye kiti kizuri. Wawira alikuwa barazani na magongo yake, anamenya viazi. Alinisalimia, akauliza habari za Mukami, kama anaweka saa nzuri. Nikamwambia ndiyo. Mama yake akaleta chai na nduma. Mzee akaanza tena kunishukuru, kwamba hospitalini sikumwacha mtoto peke yake, kwamba si walimu wote.

Nikamwambia. Nilisema kwa Kiembu, na kwa Kiembu maneno yale ni mazito zaidi, hasa mbele ya mtu wa rika la baba yangu. Nilimwambia kuhusu fomu na safu ya sita. Kwamba sikuuliza. Kwamba niliandika ni kawaida. Kwamba aliruka mara tatu mbele yangu akashindwa na nikajua, na Meru nikatia sahihi. Wawira aliacha kumenya. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na birika.

Mzee hakupandisha sauti. Wawira ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kwamba ningemwuliza angeniambia. Kisha baba yake akaniuliza wale wengine watano, hao nimewauliza?

Nikasema bado.

"Basi nenda," akasema. "Chai utakunywa siku nyingine."

Nikainuka. Hakunisindikiza. Kutoka kwao hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima na barabara ilikuwa tope tupu. Nimemkuta matroni anaanika shuka. Nikamwambia ninachotaka kuwauliza, nikataja hedhi kwa jina lake, bila kuzunguka. Hakushtuka hata kidogo. Tumewaita mmoja mmoja kwenye chumba chake, mimi nimekaa karibu na mlango ulioachwa wazi.

Watatu wamesema kawaida. Mmoja hana hakika, atahesabu. Mukami amesema haiji tangu Novemba.

Nimemwambia hatakwenda taifa, na kwamba Jumatatu tunakwenda Embu kupigwa picha ya muundi. Amelia sana. Matroni amekaa naye. Mimi nimekwenda kumwambia Mkuu.